Jenereta Ikae Wapi? Kelele, Moshi na Usalama wa Nyumba, Duka na Gari

Stima inapopotea saa moja jioni, sauti ya mtaa hubadilika kwa dakika chache tu. Kinyozi huvuta kamba ya jenereta yake ili amalizie kichwa alichokuwa akinyoa. Mwenye bucha huwasha yake ili nyama isiharibike kwenye friji. Kando ya stendi ya matatu, gari la kuuza chipsi huanza kunguruma. Ndani ya ploti iliyo nyuma ya maduka hayo, mtoto anayejiandaa kwa mtihani hufunga dirisha, na mgonjwa aliyetoka hospitalini mchana hugeuka kitandani akitafuta usingizi.

Wakenya wanaikumbuka hali hii vizuri. Mwaka 2023 pekee, katika miezi ya Agosti, Novemba na Desemba, sehemu kubwa ya nchi ilibaki gizani kwa saa kadhaa. Jenereta ndogo ya petroli imekuwa kifaa cha kawaida cha biashara, kama mizani au friji.

Malalamiko yanayofuata huwa ni ya kelele. Jirani akishalalamika mara mbili au tatu, mwenye jenereta hufanya jambo linaloonekana la busara: huiingiza ndani. Huiweka stoo, nyuma ya kaunta, kwenye choo kisichotumika, au ndani ya gari na kufunga mlango. Kelele hupungua, mvua haiilowi na mwizi haioni. Lakini kwa hatua hiyo hiyo, moshi uliokuwa ukitawanyika nje sasa unajaa mahali walipo watu. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupunguza kelele bila kuleta hatari hiyo, na yale ambayo sheria inamtaka mwenye jenereta ayafanye.

GESI ISIYOONEKANA

Moshi wa jenereta una gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu na haikerezi koo. Harufu ya petroli au ya moshi inaweza kupungua huku gesi yenyewe ikiendelea kuongezeka chumbani, kwa hiyo pua haiwezi kutegemewa.

Mtu akiivuta, gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka lakini haibebi tena hewa ambayo ubongo na moyo vinahitaji. Ni gesi hiyo hiyo inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani msimu wa baridi. Tofauti ni kwamba injini huizalisha kwa wingi na kwa haraka zaidi. Tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za watumiaji hueleza kuwa jenereta moja ya kubebeka inaweza kutoa kaboni monoksidi sawa na ya mamia ya magari.

Dalili za mwanzo hufanana na malaria au homa ya kawaida: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na mwili kuishiwa nguvu. Baadaye mtu huchanganyikiwa, huhisi maumivu kifuani na hupoteza fahamu. Aliyelala anaweza kufa bila kuhisi dalili yoyote. Watoto, wajawazito, wazee na wenye maradhi ya moyo au mapafu huathirika haraka zaidi.

Watu kadhaa wakiumwa na kichwa kwa wakati mmoja ndani ya nyumba au gari moja, kisha wakapata nafuu wanapotoka nje, hiyo ni ishara ya wazi kwamba gesi imeingia.

Kufungua dirisha au kuacha mlango wazi hakutoshi. Feni nayo haitoshi. Jenereta ya dizeli hutoa kaboni monoksidi kidogo kuliko ya petroli, lakini moshi wake pia haufai kuvutwa, na haipaswi kuwashwa ndani ya chumba cha watu.

MAHALI PANAPOFAA NYUMBANI NA DUKANI

Kanuni ya kwanza ni umbali. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, na bomba la moshi lielekezwe mbali na mlango, dirisha au tundu lolote la hewa. Mita 6 ni kama hatua nane kubwa za mtu mzima. Nyumba inayohesabiwa ni pamoja na ya jirani. Kuielekeza jenereta mbali na dirisha lako na kuigeuzia la mwenzako ni kumhamishia hatari.

Baraza iliyoezekwa, gereji, roshani ya ghorofa na ujia mwembamba kati ya majengo mawili huonekana kama nje, lakini hewa haipiti vya kutosha na moshi hurudi ndani. Katika ghorofa za kupangisha, roshani ni hatari zaidi kwa sababu moshi hupanda na kuingia kwa wapangaji wa juu.

Sababu mbili huwafanya watu wengi wasikubali kuiacha nje: mvua na wezi. Zote zina suluhisho la gharama nafuu.

Kwa mvua, jengewe paa la mabati juu ya nguzo nne, pande zote zikiwa wazi, na isimame juu ya jukwaa dogo ili maji yasiifikie. Jenereta haipaswi kuwashwa ikiwa imelowa, wala mtu asiishike kwa mikono yenye maji.

Kwa wezi, fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kizimba cha vyuma chenye nafasi kubwa kati ya vyuma, kikafungwa kwa kufuli kwenye nguzo iliyozikwa kwa saruji. Mnyororo mnene pekee pia husaidia. Kizimba cha vyuma huruhusu hewa kupita. Sanduku la mabati lililofungwa pande zote haliruhusu: jenereta huvuta moshi wake yenyewe, hupata joto kupita kiasi na huweza kushika moto.

Umbali huo unahitaji waya unaofaa. Waya mwembamba wa kurefushia uliokusudiwa taa ya mezani hupata moto ukibebeshwa friji. Kwa mzigo wa kawaida wa duka dogo, waya wa nje wa milimita mraba 2.5 unatosha kwa umbali wa mita 20. Ukunjuliwe wote, kwa maana waya uliobaki umezungushwa hupata joto, na upite mahali ambapo haukanyagwi na magari.

Anayetaka jenereta iwashe taa za nyumba nzima amwite fundi wa stima mwenye leseni aweke swichi ya kubadilisha kati ya laini ya Kenya Power na jenereta. Kuchomeka waya wa jenereta kwenye soketi ya ukutani hurudisha umeme kwenye laini ya nje, na unaweza kumuua fundi anayerekebisha hitilafu mtaani.

KELELE HUTOKA WAPI

Mwenye jenereta akijua kelele inatoka wapi, anaweza kuipunguza bila kuifungia mashine.

Sehemu kubwa hutoka kwenye bomba la moshi. Sailensa iliyotoboka au kulegea hubadilisha mngurumo kuwa mlipuko, na kuibadilisha mara nyingi ndiyo hatua yenye faida kubwa zaidi kwa gharama ndogo. Bomba likielekezwa upande usio na watu, jirani husikia tofauti papo hapo.

Sehemu ya pili ni mtetemo. Jenereta iliyowekwa juu ya sakafu ya saruji inayoungana na nyumba, au iliyoegemea ukuta wa mabati, huifanya nyumba nzima ivume kama ngoma. Vipande vya tairi kuukuu chini ya miguu yake, juu ya udongo ulioshindiliwa, huzuia mtetemo huo kusafiri. Boliti zilizolegea nazo zikazwe.

Sehemu ya tatu ni ukuta unaorudisha sauti. Jenereta iliyowekwa kwenye kona ya kuta mbili hupiga kelele zaidi upande ulio wazi. Iondolewe kwenye kona.

Kizuizi husaidia kikiwa kizito na kikisimama kati ya jenereta na anayesikia. Ukuta mfupi wa matofali au magunia ya mchanga, ulio mrefu kuliko mashine na umbali wa kama mita moja kutoka kwake, hukata sauti vizuri. Kipimo rahisi ni jicho: ikiwa jenereta inaonekana kutoka dirishani, sauti yake inafika moja kwa moja. Ukuta huo uwe upande mmoja au miwili tu, na juu pabaki wazi. Ua la kayaba huipendeza boma, lakini majani yake hayazuii kelele nyingi.

Umbali nao una hesabu yake. Mahali palipo wazi, kila umbali unapoongezwa maradufu, kelele hupungua kwa takriban desibeli 6. Jenereta yenye desibeli 70 kwa mtu aliye mita 7 itasikika kwa desibeli 64 akiwa mita 14, na 58 akiwa mita 28. Sikio la binadamu huhisi kelele imepungua nusu inaposhuka kwa desibeli 10 hivi.

Anayenunua jenereta mpya asome kibandiko na aulize maswali mawili: desibeli zilizoandikwa zilipimwa ukiwa umbali gani, na mashine ilikuwa imebeba mzigo kiasi gani? Watengenezaji wengi hupima wakiwa mita 7, na baadhi hupima mashine ikiwa na mzigo mdogo. Jenereta ya kawaida ya petroli huzunguka kwa kasi ile ile, mara nyingi mizunguko 3,000 kwa dakika, hata kama inawasha balbu moja. Ile ya aina ya inveta hupunguza kasi mzigo ukiwa mdogo, ndiyo maana huwa tulivu zaidi, ingawa bei yake ni ya juu.

Ukubwa nao ni muhimu. Mashine iliyoelemewa hulia. Kwa wakazi wa sehemu za nyanda za juu, injini hupoteza nguvu kwa takriban asilimia 3.5 kila mita 300 za mwinuko kutoka usawa wa bahari. Jenereta inayotosha Mombasa huenda ikalemewa na mzigo ule ule Nyahururu.

MAGARI YA BIASHARA NA YA KULALA

Magari yenye jenereta yameongezeka barabarani: ya kuuza chakula, kliniki tembezi, ya matangazo, na yale ambayo wasafiri hulala ndani yake wakizuru mbuga. Hapa tatizo la mahali huwa gumu zaidi, kwa sababu gari ni chumba kidogo na injini iko hatua mbili kutoka kwa watu.

Makosa matatu hurudiwa mara kwa mara.

Kosa la kwanza ni kuiwasha jenereta ndani ya gari, pengine kwenye buti, mlango wa nyuma ukiachwa wazi. Upepo ukibadilika, moshi wote huingia mbele. Jenereta ya kubebeka ishushwe chini na isogezwe mbali kabla ya kuwashwa. Nafasi yake wakati wa safari ni kwenye kibebeo cha nyuma au kwenye trela, ikiwa imefungwa barabara na kuzimwa.

Kosa la pili linahusu jenereta zilizojengewa ndani ya bodi. Chumba chake kinapaswa kuwa na kuta za chuma, kisiwe na tundu lolote la kuingia upande wa watu, na kifunguke nje tu. Matundu ambamo nyaya hupita yazibwe kwa vifaa visivyoungua. Bomba la moshi lisiishie chini ya sakafu. Lipite hadi nje ya ukingo wa bodi, mbali na dirisha, mlango na dirisha la kuhudumia wateja, kwa sababu moshi ulionaswa chini ya gari hutafuta nyufa na kupanda. Baada ya safari ya barabara yenye mashimo, maungio ya bomba yakaguliwe: mtikisiko huyalegeza bila dereva kujua.

Kosa la tatu ni la kuegesha. Magari mawili ya chakula yakiegeshwa ubavu kwa ubavu, moshi wa moja unaweza kuingia dirishani mwa lingine. Katika maonyesho ya kilimo, sokoni au kwenye sherehe, magari yapangwe ili mabomba yote yaelekee upande mmoja usio na watu, upepo ukizingatiwa. Nyasi ndefu chini ya bomba la moto zinaweza kushika moto, hasa kiangazi.

Anayelala ndani ya gari azime jenereta kabla ya kulala. King'ora cha kaboni monoksidi kinachotumia betri ni kinga ya ziada inayofaa kuwekwa karibu na kitanda, lakini hakichukui nafasi ya kuizima.

Katika nchi ambako magari ya kulala ni mengi, kelele na mahali huangaliwa pamoja. Katika mbuga za kitaifa za Marekani, kanuni inakataza jenereta inayozidi desibeli 60 ikipimwa kutoka umbali wa futi 50, yaani kama mita 15, na kambi nyingi huweka saa za utulivu ambapo zote huzimwa. Sababu ni nyepesi kueleweka: wasafiri wote wamekuja kulala, na mngurumo wa gari moja huwafikia waliomo katika magari kumi.

SHERIA INASEMA NINI

Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine kwa umma. Jenereta moja iliyowekwa vibaya inaweza kugusa yote matatu.

Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinakataza kelele kubwa isiyo ya lazima inayosumbua au kuhatarisha starehe, mapumziko, afya au usalama wa wengine. Ziliweka pia viwango vya juu vya wastani. Mchana, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, kiwango cha nje katika makazi ni desibeli 50. Mahali penye makazi na biashara pamoja ni 55, na katika eneo la biashara ni 60. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kiwango ni 35 katika maeneo hayo yote.

Katika kuamua kama kelele imevuka mipaka, kanuni hizo huangalia wakati, ukaribu wa makazi, kama kelele ni ya kuendelea au ya mara moja moja, na kama ingeweza kudhibitiwa bila juhudi au gharama kubwa. Jambo hilo la mwisho linamhusu sana mwenye jenereta. Aliyebadilisha sailensa, akaisogeza mashine na kujenga ukuta mfupi ana la kueleza. Aliyeiacha chini ya dirisha la jirani hana.

USIKU UNA HESABU YAKE

Hesabu ya umbali iliyotolewa hapo juu inaonyesha ukweli mmoja. Jenereta ya desibeli 70 bado ina desibeli 58 katika mita 28, na ploti nyingi hazina hata mita 15. Kwa hiyo hakuna namna rahisi ya kuiendesha usiku kucha katikati ya makazi na kutimiza kiwango cha 35.

Njia inayowafaa wengi ni kugawa kazi. Jenereta iwashwe jioni kwa saa chache, ibebe mizigo mizito na ichaji betri. Baada ya hapo taa, simu, televisheni na hata friji ndogo ziendeshwe na betri yenye inveta. Friji iliyojaa na isiyofunguliwa hudumisha baridi kwa muda wa saa nne hivi bila umeme. Katika gari, betri ya pili inaweza kuchajiwa na injini likiwa safarini na na paneli ya sola juu ya paa likiwa limeegeshwa. Petroli hupungua, jirani hulala na aliye ndani huamka salama.

JIRANI AKISUMBULIWA

Hatua ya kwanza ni mazungumzo, yafanywe mchana na kwa heshima. Mwenye jenereta wakati mwingine hajui moshi unaingia wapi. Katika ploti, mwenye nyumba au mtunzaji ahusishwe, kwa kuwa ndiye anayeweza kutenga mahali pamoja pa jenereta za wapangaji wote. Ni muhimu anayelalamika aeleze moshi na kelele vyote viwili. Akitaja kelele tu, huenda jawabu likawa kuiingiza mashine ndani, na hatari ikaongezeka.

Mazungumzo yasipozaa matunda, malalamiko yapelekwe kwa afisa wa afya ya umma wa wadi, idara ya mazingira ya kaunti, au ofisi ya NEMA iliyo karibu. Tarehe na saa ambazo jenereta iliwashwa ziandikwe. Rekodi ya wiki moja humsaidia afisa kuliko maneno ya hasira.

MTU AKIZIDIWA NA MOSHI

• Atolewe nje kwenye hewa safi mara moja, pamoja na wote waliokuwa ndani.
• Jenereta izimwe ikiwa inaweza kufikiwa bila mwokoaji kuhatarisha maisha yake.
• Ipigwe simu 999 au 112, au apelekwe hospitali iliyo karibu. Asiyepumua asaidiwe kupumua na anayejua.
• Mhudumu wa afya aambiwe kwamba jenereta ilikuwa inawaka, ili asidhani ni malaria na aanze kumpa oksijeni bila kuchelewa.
• Hata aliyepata nafuu apimwe, hasa mjamzito na mtoto.
• Mtu yeyote asirudi ndani hadi milango na madirisha yafunguliwe na hewa ibadilike kabisa.

Kabla ya stima kupotea tena, kila mwenye jenereta anaweza kufanya ukaguzi wa dakika tano: asimame ilipo mashine yake, ahesabu hatua hadi dirisha la karibu zaidi, liwe lake au la jirani, na aangalie bomba la moshi linaelekea wapi. Zikipungua nane, kazi ya kwanza ni kuisogeza.